Muke ya Kesi

Kwaa!

Gunia ilianguka ku kirago ya Papa Sebarenzi, kamba ikakatika, na feza zikamwagika kama mahindi. Zilikimbia kila upande. Moja ilijiviringisha mpaka kwa miguu ya Vestine, ikazunguka mara mbili, ikalala.

Pale njo tulimuacha juma lililopita, na pale njo tunamukuta: mu lupango, uwanja wa nyumba ya baba yake kule Sake, siku ya soko, watu wamejaa mpaka ku mulango, na Monsieur Faustin amesimama na kravati yake nyekundu shingoni, anajipanguza jasho kama mutu aliyebeba kanisa.

— Elfu tano, alisema Faustin. Muzee, hesabu. Kisha unipe muke.

Muke mwenyewe alikuwa anasikia. Alisimama na kitunga cha maharagi kichwani, zawadi aliyomuletea baba yake. Ni muke ya mutu. Bwana yake, Damien, anachimba shaba kule Katanga, na watoto wao wawili wamebaki Kalembe wanakohoa.

Mutu atauliza: namna gani baba mukristu anatoa binti aliye na bwana? Ngoja. Siku Damien alimuoa Vestine, alitoa ngombe wote isipokuwa mumoja. Ule wa mwisho walisema atauleta kwa feza: elfu tano. Wakati ule elfu tano ilikuwa ngombe na ndama yake. Leo ni ngombe mwenye kuonyesha mbavu. Damien akapanda kamiyo, akaenda Katanga kuitafuta. Miaka ikapita, koo ya muzee ikakauka, na siku moja akaapa mbele ya watu: Damien asipolipa mpaka soko hii, yeyote atakayeweka elfu tano ku kirago yangu, Vestine ni wake.

Na Damien alikuwa anatuma! Kila mwisho wa mwezi alituma. Lakini feza yake ilipitia kwa Kesi.

Kesi gani? Kesi ya Maendeleo, sanduku ya kuwekea feza. Wakubwa njo waliileta. Walikuja na jipu, wakasimama juu ya meza, wakasema: feza za wana wenu walio mbali, musizifiche tena chini ya kitanda. Chini ya kitanda feza inakufa. Ku Kesi itazaa, na inchi itakomaa. Tukapiga mikono. Siye tunapiga mikono mbio sana, njo ugonjwa wetu. Wale waliofika Kampala wakatuambia kwamba kule, neno kesi ni mashitaka ya tribinali. Tukawacheka. Kumbe wao njo walikuwa wamesoma.

Prezida wa Kesi ni nani? Ni Monsieur Faustin. Huyuhuyu mwenye kravati.

Papa Sebarenzi alishainama, macho yake yanang'aa kuliko feza. Alinyoosha mikono. Lakini mukono mwingine ulifika mbele yake.

Ulikuwa mukono wa Adelaïde, dada mukubwa ya Damien, aliyekuja na Vestine kutoka Kalembe. Adelaïde alikufiwa na bwana zamani, na tangu pale ulimi wake haujapata mutu wa kuuchunga. Aliokota kipande kimoja, akakiweka ku kiganja, akakipuliza.

— Pfuu!

Kikaruka.

— Papa Sebarenzi! Feza gani hii inaruka? Hata ganda ya haragi iko na kilo kuipita.

— Mama, heshima, alisema Faustin. Iko feza ya Serikali.

— Imeandikwa nini? Mi sikusoma.

— Kumi.

— Kumi ya kitu gani?

Faustin alikohoa. Alitazama juu, alitazama chini, alitazama kravati yake.

— Kumi... sengi.

— Yeee!

Lupango yote ilipasuka na kelele. Juu mutu asipotee, tuseme mara moja. Wakubwa waliua falanga, feza yetu ya zamani. Walitangaza ku radio kwamba sasa tuna makuta, na likuta moja ikameza falanga kumi. Jina zuri, makuta: walisema tutayakuta, na mpaka leo tuko tunatafuta. Kisha likuta nayo ikazaa vitoto vyembamba, majina yao sengi. Kipande ya sengi kumi ni falanga moja. Falanga moja! Hata yai ya kuku mugonjwa haununue.

Basi gunia ya Faustin, elfu tano kwa kuandikwa, ilikuwa falanga mia tano tu. Kuku na jogoo wake. Ya ngombe haikufika hata mukia.

— Faustin! muzee alipiga kelele. Mi nilisema elfu tano!

— Na hii njo nini? Vipande mia tano, kila kipande kumi. Hesabu hii hata mutoto wa kalasi ya kwanza anaijua. Muzee, ulitaja falanga?

— Si kila mutu anajua...

— Ulitaja falanga ao haukutaja?

— Sikutaja.

— Ulitaja makuta?

— Sikutaja.

— Ulisema: elfu tano. Watu walisikia. Elfu tano hii hapa. Ao neno ya Papa Sebarenzi sasa iko kama mukia ya mbuzi, inageuka kila upande?

Watu walitazamana. Ilikuwa kweli. Muzee hakusema elfu tano ya nini. Na nani angesema? Zamani elfu ilikuwa moja tu, hakukuwa na elfu ya mama na elfu ya vitoto. Njo kazi ya watu wa biro, wale wa ofisi: wanakaa kimya wanangoja lile neno moja ulisahau, kisha wanaingilia pale kama panya.

Faustin akamutazama Vestine, akanyoosha kravati.

— Mama, funga vitu vyako. Tunaenda.

Vestine hakutikisika. Aliteremusha kitunga chake polepole, akapiga magoti mbele ya baba yake kama inavyopasa.

— Papa, neno yako iko elfu tano tu? Haina jina nyuma?

— Binti yangu, njo vile nilisema, nifanye nini...

— Basi vizuri.

Akageuza kitunga.

Maharagi yakashuka juu ya sengi, ya nyekundu, ya njano, ya madoa, yakazifunika zote.

— Elfu tano, alisema Vestine. Yakipunguka naongeza. Bwana yangu Damien amelipa.

Watu walicheka mpaka mutu mumoja akaanguka juu ya mbuzi yake. Kelele ile ilifika mpaka ku soko, na wauzishaji wa muhogo wakaacha mizigo wakaja kuona.

— Maharagi haiko feza! alilia Faustin.

— Iko na faida kupita yako, alijibu Adelaïde. Siye tukichemsha hii tunakula. We ukichemsha sengi zako, zinaiva saa ngapi?

— Mama, we kazi yako ni kinywa tu!

— Na we kazi yako ni kifuko tu. Ya wengine.

Papa Sebarenzi aliona mambo yanamuponyoka. Alisimama, akapiga fimbo chini.

— Kimya! Nyinyi wote! Mumesahau desturi? Mali ya binti, ile ya kumuolea, haijaingia mpaka baba yake ameiinua na mikono miwili. Sengi sijainua. Maharagi sijainua. Mi nataka falanga elfu tano, ya ngombe! Ao makuta mia tano, ni moja. Sasa nimetaja jina. Kuna mutu hajasikia?

Vestine aliinamisha kichwa. Makuta mia tano angeyatoa wapi? Maharagi yake yote, tangu kupanda mpaka kuvuna, hayafiki pale. Faustin aliona kichwa kile kinainama, na meno yake yakatoka inje.

— Hakuna shida, baba mukwe. Nilikuwa nacheka tu. Makuta mia tano? Ni kitu kidogo. Mbele ya jua kugeuka nitayaweka hapa. Kesi iko na feza mingi!

Aliuma ulimi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno halina mulango wa kurudia.

Vestine aliinua kichwa.

— Umesema nini?

— Nimesema nitaleta makuta.

— Hapana. Ya mwisho.

— Nimesema... ni kitu kidogo.

— Ya mwisho kabisa, Prezida.

Wanawake wa soko walikuwa wamesogea. Wengi wao ni mabibi wa watu walio mbali: huyu bwana yake iko Katanga, yule mwanawe anafyeka majani kule Uganda, na kila mumoja feza yake inapitia kwa Kesi.

— Juma lililopita, alisema Vestine, nilikuja ku biro yako na mutoto mugongoni, anakohoa. Nilikuomba feza ya bwana yangu. Ulinijibu namna gani?

— Mama, barabara ya Bukavu ilikuwa na vita, posta...

— Ulisema Kesi iko tupu. Ulifungua mikono hivi. Ulisema hata panya wamehama. Basi leo nakuuliza mbele ya watu: Kesi iko na feza ao haina?

Musomaji, kamata mutego huu vizuri, juu haukutengenezwa na mutu wa biro. Akisema iko nazo, atoe ya Damien, na Vestine arudi kwake. Akisema haina, makuta mia tano ya kuoa yatatoka wapi? Yatanyesha?

Faustin alitafuta tundu ya tatu. Watu wakubwa hawakosi tundu ya tatu.

— Mama Vestine, haukusoma, sikukasirikie. Feza iko. Lakini haiko pale. Iko inafanya kazi.

— Inafanya kazi!

Sauti hii ilitoka nyuma. Ilikuwa Papa Albert wa Itebero, mutu wa pori, anayekuja kwa miguu kuuliza feza ya mwana wake Émile, anayechimba shimo moja na Damien. Kila akija analetea Prezida nyama ya moshi, juu Kesi ifunguke mbio. Nyama inaingia, Kesi haifunguke.

— Prezida, alisema Papa Albert, akavua kofia. Feza ya mwanangu nayo iko inafanya kazi?

— Sana, Papa Albert. Muchana na usiku.

— Mwanangu anafanya kazi chini ya udongo. Feza yake nayo inafanya kazi. Na we? We njo unapumzika kwa ajili yao?

Watu walicheka, lakini safari hii meno yao hayakuonekana vizuri.

— Munacheka juu hamujui! Faustin aliinua kidole kama mwalimu. Kesi imekopesha. Mukopo umejenga. Baa yangu ile ya njia tatu, mumeiona ao hamujaiona? Mabati! Viti vya chuma! Gramofoni! Hata wakubwa wa Goma walikuja kuitazama, wakasema Sake inakomaa!

Kweli walikuja. Walikunywa mpaka chupa ya mwisho, wakahesabu bati, wakahesabu viti, wakasema hii njo maendeleo, wakapanda jipu. Wakati wa kurudi jipu ilizama mu shimo ya barabara, na siye njo tuliisukuma. Shimo iko pale mpaka leo. Dispansari nayo iko pale, haina hata kinini ya homa. Muke akiwa hai, wanaume wanagombania mali yake. Akikufa kwa kukosa sindano, hakuna mukubwa anayeleta hata shuka la kumufunika. Lakini gramofoni iko.

— Mukopo ule alipewa nani? aliuliza Adelaïde.

— Komite iliamua.

— Komite ni nani?

— Ni... mi.

— Na aliyeomba?

— Mi.

— Na aliyekubali?

— Komite!

— Aa! Basi hamukugombana.

Papa Sebarenzi alikuwa amechoka na maneno haya. Jua lilikuwa linapanda, na kwa saa kama ile amezoea kuwa na chupa mbele yake.

— Mambo ya komite mi sijue, alisema. Faustin, leta makuta mia tano ao uende kwako. Sitoe binti kwa maneno.

Hapo Faustin, aliyebanwa na wanawake mbele na mutu wa pori nyuma, aligeukia yule aliyekuwa dhaifu kuliko wote. Njo tabia yao.

— We? We njo unaniambia leta? Tangu Pasaka uko unakunywa ku baa yangu! Asubuhi chupa, mangaribi chupa, na dimanche, siku ya misa, mbili! Siku moja ulilipa?

— Ulinipa! Ulisema: kunywa, baba mukwe, iko zawadi!

— Zawadi! Mushahara wangu utanywesha koo kama ile? Koo kama kivuko ya Sake? Ile biere yote, Kesi njo ililipa! Kila chupa uliyokunywa iko chupa ya Kesi!

Kuku mumoja alikuwa anadonoa maharagi ku kirago: to, to, to.

Vestine alitazama baba yake, akatazama tumbo ya baba yake, na uso wake ukabadilika kama mutu aliyeona njia mu majani.

— Papa, aliita kwa sauti ndogo. Ile biere, ulikuwa unaipokea na mukono moja?

— Mi? Papa Sebarenzi alikasirika. Mukono moja? Mi sikulelewa mu pori! Kitu cha mukwe kinapokelewa na mikono miwili.

— Kila chupa?

— Kila chupa. Niliinua na mikono miwili, hivi, watu wa baa ni mashahidi.

— Na iliingia?

Muzee aliweka mukono ku tumbo.

— Iliingia vizuri.

— Basi, Papa, ngombe ya Damien imeingia. Kesi njo feza ya Damien na wenzake. We mwenyewe umesema: mali inaingia wakati baba ameiinua na mikono miwili. Umeiinua tangu Pasaka. Umekunywa ile ngombe kuanzia kwato mpaka pembe.

— Hata ngozi! alilia Adelaïde, akapiga vigelegele. Hata kengele ya shingoni!

Papa Sebarenzi alikaa chini. Alitazama mikono yake, wa kuume, wa kushoto. Ni mutu wa pombe, lakini si mutu wa kuapa mara mbili.

— Kweli, alisema mwisho. Kila mara nilikuwa nasikia kitu inapiga teke humu ndani.

Akasimama, akashika fimbo.

— Mumesikia wote. Nimeinua na mikono miwili. Ngombe ya mwisho imekwisha. Sina deni na mutu, na mutu hana deni na mi.

Vigelegele! Wanawake walimubeba Vestine juu. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Faustin alikuwa ameshaanza kutembea kinyume, mugongo mbele, kuelekea mulango.

Ingekuwa hadithi ya padri, ingeishia hapa, na tungeimba.

— Ngojeni kidogo, alisema Papa Albert.

Aligeuza kofia yake mu mikono.

— Mi ni mutu wa pori, munisamehe. Mama Vestine amesema Kesi ni feza ya Damien na wenzake. Mwenzake mumoja iko mwanangu Émile. Basi feza ya Émile nayo iko mu tumbo ya muzee?

— Iko, alisema mutu mumoja.

— Na Émile hana muke. Sasa mwanangu anapata nini ku ngombe hii? Anapata mukono? Anapata mguu?

Watu walicheka. Kisha mama mumoja mwenye muzigo wa sombe, majani ya muhogo, hakucheka.

— Kweli. Ya bwana yangu nayo ilikuwa mule.

— Na ya mwanangu!

— Chupa ya bwana yangu ilikuwa gani? Ya dimanche?

— Ee, we mama, ya bwana yako ilikuwa hata glasi?

Kelele ikapanda. Wale waliomubeba Vestine walimuweka chini. Vestine alisimama katikati yao, akaona neno lake mwenyewe limegeuka linamutazama.

Na Faustin, mugongo wake ukiwa umefika ku mulango, alisimama. Alifikiri. Akanyoosha kravati, akarudi, anatembea sasa na uso mbele.

— Papa Albert, alisema, we njo mwenye akili hapa. Biere ile haikuwa ya Damien. Haikuwa ya Émile. Feza ikiingia mu Kesi inapoteza jina, kama mito inapoingia mu ziwa ya Kivu. Nani anaweza kuchota maji ya lac akasema: hii ni ya muto wa kwetu? Haiwezekane. Ni maji ya lac! Basi nani alilipa chupa?

— Kesi, walisema watu, bila kutaka.

— Na muzee amesema mbele yenu: ngombe imekwisha. Nani ameimaliza?

— Kesi...

— Nani analipa mali, njo mwenye muke. Vestine haiko muke ya Damien. Iko muke ya Kesi.

Akatabasamu.

— Na prezida wa Kesi ni nani?

Papa Sebarenzi alifungua kinywa kutafuta kiapo chake, akakikuta kimeshatumika. Faustin akamukamata Vestine ku kifundo cha mukono.

— Muachilie! Adelaïde aliruka, sauti yake ilikuwa kama chupa inayopasuka. Mwizi! Muongo wa waongo! Muachilie, nitakungoa masikio!

— Acha, dada, alisema Vestine.

— Niache?

— Prezida amesema kweli. Mi ni muke ya Kesi. Nimekubali.

Adelaïde alibaki na mikono juu. Papa Sebarenzi alifunika uso.

— Mumenisikia wote? Vestine aliuliza. Mi ni muke ya nani?

— Ya Kesi, walijibu, wengine wanalia.

— Vizuri! alisema Faustin. Muke mwenye akili! Twende nyumbani.

— Nyumbani kwa nani?

— Kwangu.

— Kwako namna gani? We haukunioa. We ni prezida, maana yake boyi wa bwana yangu. Unamufagilia, unamufungia mulango, anakulipa mushahara. Bwana yangu ni Kesi.

Alitoa mukono wake mu mukono ya Faustin, akageukia wanawake.

— Wamama, kwetu muke akiingia kwa bwana yake, siku ya kwanza anapewa nini?

Neno lilitoka kwa mumoja, likakamata wengine kama moto mu majani makavu.

— Ufunguo ya gala!

— Bwana anafungua gala yeye mwenyewe?

— Aa-a! Watu watamucheka!

— Nani anafungua?

— Muke!

— Nani anapima?

— Muke!

— Nani anagawa?

— Muke!

Vestine alinyoosha kiganja mbele ya pua ya Faustin.

— Umesikia, boyi. Muke ya bwana amefika. Lete ufunguo. Tunaenda sasa kufungua, kupima na kugawa, na Papa Albert atapata ya Émile mbele ya wote.

Papa Albert alivaa kofia. Wanawake walikaza vikwembe kiunoni. Mama wa sombe alitua muzigo wake, ishara mbaya sana, juu mama wa Sake hatui muzigo bure. Watu walianza kusogea, na lupango ikawa kama inasogea nao.

Faustin alipapasa mufuko wa suruali. Alipapasa mufuko wa koti. Kravati ilikuwa imegeuka, iko mugongoni.

— Haiko kwangu, alisema.

— Kitu gani haiko kwako?

— Ufunguo.

— Muongo! alisema Vestine. Uliahidi makuta mia tano mbele ya jua kugeuka. Ungefungua na meno?

— Ningeiomba. Haiko kwangu, naapa.

— Iko kwa nani?

Prezida alikaa chini, juu ya gunia yake, na sengi zikalia chini ya matako yake. Aliinua kidole. Kidole kikapita juu ya Papa Sebarenzi, kikapita juu ya Papa Albert, na wanawake wakainamisha vichwa kama kidole kile ni bunduki.

Kikasimama.

— Muulize ule. Anaivaa shingoni tangu siku nilimuahidi kwamba nitamuoa yeye.

Watu wote waligeuka.

Adelaïde, aliyesema tangu asubuhi bila kumeza mate, alikuwa amefunga kinywa. Mukono wake ulipanda polepole ku shingo, ukashika ile kamba nyeusi ambayo Kalembe yote inajua kwamba ni rozari yake.

Lakini Vestine alikuwa ameshaivuta, na ku mwisho wa kamba hakukuwa na musalaba.